Kurudi kazini baada ya kuugua au kuumia muda mrefu: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya ni maswali ninayoulizwa kwenye tawi letu la chama cha wafanyakazi na watu wa kiwandani kwetu, mengine yanaingia WhatsApp saa tano usiku kabisa. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi, sio wakili, ila hizi kesi nimekaa nazo sana. Majibu ni ya Tanzania Bara, sekta binafsi. Kama uko serikalini, Zanzibar au Kenya nenda kule chini kwanza usije ukabishana na HR kwa sheria isiyo yako.

## Siku na mshahara

Nina haki ya kuumwa siku ngapi bila mshahara kukatika?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 126 kwenye mzunguko mmoja wa likizo. Siku 63 za kwanza mshahara kamili, siku 63 zinazofuata nusu mshahara. Mzunguko wenyewe ni miezi 36, sio mwaka, na hapa ndo wengi wanapotea, mtu anadhani Januari ikifika hesabu inaanza upya kumbe bado yuko kwenye mzunguko ule ule na siku zake alishazila mwaka juzi alipofanyiwa opresheni.

Kwa hiyo kama mshahara wako ni 600,000, ukishavuka zile 63 za kwanza unalipwa kwa kiwango cha 300,000 kwa mwezi, na mkopo wa benki uko pale pale unasubiri (angalia swali la mkopo mwishoni). Jipange kabla hujafika huko. Mfupa wa paja peke yake unaweza kula miezi mitatu mpaka sita kabla hujasimama vizuri, yaani hizo siku 126 ambazo kwenye karatasi zinaonekana nyingi zinaisha mtu bado yuko na magongo.

Lazima ziwe mfululizo?

Hapana. Siku tatu za malaria, wiki mbili za mgongo, miezi miwili ya mguu, zote zinajumlishwa. Omba HR wakupe maandishi yanayoonyesha umetumia ngapi na zimebaki ngapi, tena omba ukiwa bado mgonjwa. Nimeshaona hesabu ya HR na hesabu ya mfanyakazi zikapishana karibu mwezi mzima kwa sababu siku za likizo ya mwaka ziliingizwa kwenye ugonjwa, na hizo ni likizo mbili tofauti.

Mimi nina miezi minne tu kazini, nazipata?

Likizo za malipo kwenye hiyo sheria zinaanza ukiwa na miezi sita ya utumishi. Chini ya hapo unategemea mkataba wako na ubinadamu wa bosi. Wa msimu wana nafuu, wao wanazipata, na kama umeitwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri yule yule na jumla ya muda imepita miezi sita, nawe unahesabika.

ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) nipeleke lini? Si nitaenda nayo siku nikipona?

Usifanye hivyo jamani. Mwajiri hana lazima ya kukulipa kama hujaleta cheti cha daktari, halafu kuna hili la pili ambalo watu hawalijui, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataja kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya msingi kuwa kosa linaloweza kukufukuzisha. Umelazwa, simu imezima, mke yuko anahangaika kutafuta damu ya kukuongezea, kazini wanakuandikia utoro. Mtu wa nyumbani apige picha ile ED siku hiyo hiyo, aitume kwa supavaiza NA kwa HR, halafu orijino iende baadaye na mtu anayeaminika, na akienda apeleke fotokopi wamgongee muhuri wa kupokea.

ED ikiisha kabla hujapona, mpya ipatikane kabla ya ile ya zamani haijafa. Pengo la hata siku mbili katikati ndo linakuja kuwa ugomvi.

## Kujiandaa kurudi

Nani anaamua kwamba nimepona, mimi, daktari au bosi?

Daktari anasema unaweza kufanya nini, mwajiri anaangalia kama hicho kinalingana na kazi iliyopo. Wewe mwenyewe kusema "niko fiti" haitoshi, na bosi naye kukuangalia juu mpaka chini pale getini akasema "huyu bado" haitoshi vile vile. Sehemu zenye mashine, kemikali, urefu au udereva watakupeleka kupimwa afya ya kufanya kazi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka vipimo hivyo vifanywe na daktari mwenye sifa. Usikasirike ukiambiwa ukapime. Forklift ukiwa na kizunguzungu sio jambo la kujaribu.

Barua ya daktari iseme nini?

Hapa ntakaa kidogo maana ndo shida kubwa kuliko zote. Barua nyingi zinakuja na mstari mmoja tu: "apewe kazi nyepesi". Basi. Sasa nyepesi ni ipi? Tulikuwa na jamaa alivunjika mguu, kawekewa vyuma, karudi na barua ya namna hiyo, supavaiza kwa nia njema kabisa akamtoa kwenye kupakia mifuko akampeleka getini. Kazi nyepesi si ndo hiyo, kufungua geti. Kumbe pale geti linafunguliwa kutwa nzima na kiti hakuna, mlinzi anasimama, lori likija anatembea mpaka nyuma kuhesabu mzigo. Siku ya nne mguu umevimba kiatu hakivuliki. Na hapo hakuna aliyekosea kwa makusudi, ni ile barua haikusema kitu.

Kwa hiyo ukienda kliniki ya mwisho mwambie daktari kazi yako ilivyo: unasimama masaa mangapi, unabeba kilo ngapi, unapanda ngazi, shifti ya usiku ipo, unaendesha. Halafu umwombe aandike mipaka kwa maneno ya kawaida, mfano asibebe zaidi ya kilo kadhaa, asisimame zaidi ya nusu saa bila kukaa, asipande ngazi, asifanye shifti ya usiku kwa sababu ya dawa anazotumia, na mipaka hii idumu mpaka lini, na lini anarudi kuangaliwa tena. Barua ya namna hiyo supavaiza yeyote anaielewa. Haina haja ya kutaja ugonjwa kama hutaki (soma sehemu ya watu na maneno).

Foleni ikiwa ndefu na daktari ana haraka, andika mwenyewe kikaratasi nyumbani cha kazi zako umpe asome. Wengi wanashukuru.

Naweza kuomba kuanza nusu siku?

Kuomba unaweza, na naona ndo njia bora kwa aliyekaa nje zaidi ya miezi miwili. Kimsingi sheria haijaandika "nusu siku wiki ya kwanza", ila kanuni za 2007 zinamtaka mwajiri aangalie namna ya kumrekebishia kazi mtu aliyepungukiwa uwezo kwa ugonjwa au kuumia kabla hajafikiria kumwachisha. Hiyo ndo unayoishikia. Nenda na pendekezo tayari, sio malalamiko: wiki mbili saa tatu mpaka saa saba, wiki mbili zinazofuata mpaka saa tisa, halafu tunaangalia. Mwekee tarehe za mwisho, bosi anaogopa kitu kisicho na mwisho.

Na zungumzeni mshahara wa hizo wiki kabla hujaanza, iandikwe hata kwa imeili mistari mitatu.

Usafiri je? Kazi naiweza, kufika ndo siwezi.

Hili watu wa HR wenye magari hawalielewi mpaka uwaeleze. Mtu anatoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri na gongo, pale daladala haipandwi inagombaniwa, wengine wanapitia dirishani, sasa wewe na mguu wenye vyuma utagombania na nani? Omba uingie saa tatu na kutoka mapema au ubadilishiwe shifti, na kama kampuni ina basi la wafanyakazi omba lipite kituo cha karibu na kwako hata kwa miezi miwili. Ni maombi madogo ambayo hayamgharimu mwajiri kitu, na mengi nimeona yanakubaliwa.

Nikipewa kazi nyepesi wanaweza kunishushia mshahara?

Sio kwa uamuzi wa upande mmoja. Mshahara uko kwenye mkataba na mkataba unabadilishwa kwa kukaa na kukubaliana. Ovataimu na posho ya shifti ya usiku ni kitu kingine, kama hufanyi usiku hiyo posho utaikosa na hapo sioni pa kugombana. Ila ukiletewa karatasi ya cheo kipya na mshahara mpya "wa muda", soma neno muda limeandikwa mpaka lini, kama hakuna tarehe usisaini siku hiyo, sema naenda kusoma nyumbani.

Kliniki na fizio (mazoezi ya viungo) zinaendelea, hizo siku zinakuwaje?

Zinahesabiwa kwenye siku zako za ugonjwa kama bado zipo, na karatasi ya mahudhurio kutoka hospitali. Peleka ratiba ya mwezi mzima mapema, usiwe unaaga kila Jumanne asubuhi kama mtu anayetoroka. Kuna mabosi wanaopendelea ufidie masaa, mkielewana hivyo unaokoa siku.

## Watu na maneno

Lazima niwaambie wenzangu nilikuwa naumwa nini?

Hapana. Wenzako hata kidogo, na HR naye anahitaji kujua mipaka ya kazi na muda, sio historia yako yote. Ila tujue tulipo, kwetu mtu akiugua watu wanachanga, wanakuja kukuona, wengine walikubebea uji hospitali, ukirudi ukakaa kimya kabisa wanaona unawadharau. Andaa sentensi moja na urudie hiyo hiyo kwa kila mtu: "Namshukuru Mungu, nilikuwa na shida kidogo, daktari kanishughulikia, sasa naendelea vizuri." Anayechimba zaidi muulize habari za watoto.

Kama ilikuwa sonona au shida nyingine ya akili, sentensi ni hiyo hiyo. Cheti cha daktari wa afya ya akili ni cheti kama kingine, na mipaka inaandikwa vile vile, mara nyingi ni usingizi, shifti ya usiku na kelele.

Nilikuwa na TB, nimerudi watu wanahama meza nikikaa kula.

Pole sana, hii inauma kuliko ugonjwa. Matibabu ya kawaida ya TB ni miezi sita, lakini mtu akishatumia dawa sawasawa kwa wiki kama mbili kwa kawaida hawezi tena kuambukiza, daktari wako ndo anathibitisha kwa vipimo. Omba kliniki ikuandikie kwamba unaruhusiwa kuwa na watu, na muombe HR alete muhudumu wa afya aongee na wote kuhusu TB kwa ujumla bila kukutaja. Bango ukutani halisaidii, mtu mwenye koti jeupe akiongea dakika ishirini wanasikia.

Kwa upande wa virusi vya UKIMWI, sheria ya 2004 inakataza kabisa ubaguzi kazini kwa sababu hiyo, na ulemavu pia umo kwenye orodha hiyo hiyo.

Nafasi yangu kapewa mtu mwingine.

Kazi lazima iende, kwa hiyo kuweka mtu wa kushikilia sio kosa. Swali la kumuuliza bosi ni moja: ameshikilia au amechukua? Jibu lipatikane kwa maandishi. Na yule kijana usimchukie, naye aliitwa tu, tena ndo atakayekuonyesha mfumo mpya wa oda uliobadilika ukiwa kitandani.

## Kama uliumia kazini

Nililipwa na WCF, inabadilisha nini?

Mengi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi Julai 2015, anachangia mwajiri peke yake, mshahara wako haukatwi hata senti. Ukipata ulemavu wa muda unalipwa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi kisichozidi miezi 24, matibabu yako upande wao, na kuna fao la ukarabati, yaani fizio, viungo bandia na vitu vya kukurudisha kwenye kazi. Hilo la ukarabati watu wengi hawaliulizi kabisa. Uliza.

Halafu zile kanuni za 2007 zinasema aliyeumia kwa sababu ya kazi anatakiwa kuhangaikiwa zaidi kutafutiwa namna ya kubaki kuliko aliyeugua kivyake.

Mwajiri hakuripoti ajali, anasema tumalizane wenyewe.

Mwambie hapana kwa adabu. Kumalizana kwenyewe ni laki tatu na soda, halafu kidole kikikataa kukunja baada ya mwaka unabaki nacho. Una miezi 12 ya kupeleka madai, na mfanyakazi mwenyewe anaweza kwenda ofisi ya WCF bila kusubiri bosi apende. Beba karatasi za hospitali, majina ya walioona, na picha ya ile mashine kama unayo.

Niligongwa na bodaboda nikienda kazini, ni ajali ya kazi?

Ngumu. Ukiwa umebebwa na gari la kampuni lililowekwa kwa ajili ya wafanyakazi una hoja nzuri, ukiwa kwenye usafiri wako mwenyewe hoja inapungua sana. Ripoti kazini hata hivyo, na njia yako nyingine ni bima ya chombo kilichokugonga. Hapo bila PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na ripoti ya polisi ya ajali ile ya PF90 huendi popote, na usikubali dereva akulipie eksirei tu mkaagana barabarani.

## Mambo yakiharibika

Wanaweza kunifukuza kwa sababu niliugua?

Kukosa uwezo wa kufanya kazi kwa ugonjwa ni sababu ambayo sheria inaitambua, kwa hiyo anayekwambia "haiwezekani kamwe" anakudanganya. Lakini lazima njia ifuatwe: waangalie chanzo, ukubwa wa tatizo, ni la muda au la kudumu, kama kazi inaweza kurekebishwa, kama kuna kazi mbadala, wakuite mzungumze ukiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako, wasikilize unachosema. Barua iliyotoka juu siku moja bila kikao haijafuata njia.

Na siku 126 kuisha sio kufukuzwa. Ni malipo ya ugonjwa yameisha, ajira bado ipo mpaka mchakato huo ufanyike.

Wananipa kazi mbadala siitaki, nikatae?

Angalia kwanza kama ni ya maana kweli. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi, kuanzia ukiwa na mwaka mmoja kazini, na ukikataa kazi mbadala bila sababu ya msingi unaweza kukikosa. Sababu ya msingi ni kama inagongana na mipaka ya daktari. Kuona aibu kuvaa sare ya stoo sio sababu, samahani.

HR ananiambia niandike barua ya kuacha kazi "ili nisichafuliwe faili".

Usiandike. Ukishaandika umeacha mwenyewe, na hayo mengine yote ya juu yanakuwa magumu. Hata kama kazi imegeuzwa moto kwa makusudi ili utoke, sheria inaitambua hali hiyo kama kuachishwa, ila kuithibitisha ni shughuli, utahitaji meseji, imeili, majina, tarehe. Anza kuvihifadhi leo kwenye simu isiyokuwa ya kampuni.

Nimeshaachishwa, naenda wapi?

CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, fomu namba moja, kufungua ni bure. Migogoro mingine, mfano nusu mshahara haukulipwa, ni siku 60. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda na lazima ueleze kwa nini, na "nilikuwa nasubiri bosi apokee simu" haijawahi kusaidia mtu. Wenye chini ya miezi sita kazini hawalindwi na kifungu cha kuachishwa isivyo halali.

Mkataba wangu wa mwaka unaisha nikiwa kitandani.

Mkataba wa muda maalum ukifika tarehe unaisha, ugonjwa hauurefushi. Isipokuwa kama ulikuwa na matarajio ya msingi ya kuongezewa, mfano umeshaongezewa mara kadhaa au meneja alishaandika kwamba utaendelea, hapo kutokuongezewa kunaweza kuhesabika kama kuachishwa. Siku 30 ni zile zile.

## Kesi za pembeni

Nilitibiwa kwa mganga wa mifupa kijijini, ED sina.

Wapo wengi tu wanaoondoka hospitali wakaenda kwa mtu wa mitishamba. Sheria inataka cheti cha daktari aliyesajiliwa au mtabibu mwingine ambaye mwajiri anamkubali, na asikatae bila sababu. Kwa uzoefu wangu wanakataa. Nenda hospitali upige eksirei, daktari aandike anachokiona na tangu lini kinaonekana, angalau unakuwa na kitu mkononi.

Mkopo wa benki unakatwa wote na mimi nalipwa nusu.

Nenda tawi la benki kabla mwezi wa nusu mshahara haujaingia, ukiwa na ED na slipu, uombe warefushe muda. Mikopo mingi ya wafanyakazi ina bima ndani yake inayohusu kifo na ulemavu wa kudumu, kwa hiyo kama daktari amesema ulemavu ni wa kudumu waulize. Ukiwa na ED usikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Nimeona friji inabebwa mgonjwa akiwa sebuleni.

Mimi ni mtumishi wa umma / niko Zanzibar / niko Kenya.

Serikalini mna kanuni zenu za kudumu za utumishi, muulize afisa utumishi, na mfuko wenu wa pensheni ni PSSSF. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na haifuati hizi hesabu za Bara. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaanzia siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka baada ya miezi miwili kazini, hicho ni kiwango cha chini, soma mkataba wako au makubaliano ya chama maana mara nyingi viko juu ya hapo. Kuumia kazini Kenya ni sheria ya WIBA ya 2007, yaani ya fidia kwa wanaoumia kazini, malipo ya kushindwa kazi kwa muda yanaenda mpaka miezi 12.

Nina ED lakini genge langu nalisimamia mwenyewe, kuna shida?

Ipo. Kukaa kwenye kiti ukipokea hela huku mkeo anapima nyanya ni kitu kimoja, kubeba magunia sokoni Ilala alfajiri na ED imeandika mgongo ni kitu kingine, hapo unafukuzwa kwa udanganyifu na sisi tawini hatuna la kukutetea. Hapa mjini watu wana simu na wanapiga picha.

Nimerudi wiki ya pili nimezidiwa tena.

Sema siku hiyo hiyo, rudi kwa daktari, pata ED mpya, siku zinaendelea kutoka zilipoishia. Kama mipaka ya barua ilivunjwa, mfano ulibebeshwa wakati imeandikwa usibebe, iandike kwa imeili kwa HR ukitaja siku, saa na nani alikutuma, kabla hujaondoka kwenda hospitali kama hali inaruhusu. Kama hairuhusu mwenzako aliyekuwepo aandike.